Tawi Lililoanguka Lenyewe

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa! Ibu Mirah, mwenye jumba la maonyesho kule Ubud, ametuma ujumbe kwa masonara wote wa kijiji chetu cha Celuk, hapa Bali. Anataka sanamu za kuvaa. Si pete, si hereni za kuwauzia watalii. Sanamu! Kitu ambacho mtu akikivaa, watu wanasahau kumtazama yeye. Masharti ni mawili tu. Iwe na madini yaliyofuliwa kwa mkono, na iwe na kitu cha asili ambacho fundi amekiokota mwenyewe. Kisinunuliwe. Kisikatwe kwenye mti ulio hai. Kiokotwe. Jumapili ya tarehe 21 atakuja kijijini kuchagua fundi mmoja.

Mmoja! Nilikuwa nimekwisha kujichagua kabla sijamaliza kusoma.

Nikamwambia mke wangu, Luh Sariasih. Akaniuliza kama nakumbuka mara ya mwisho mteja kuingia chumba chetu cha mbele. Nikasema swali hilo halina heshima. Akasema mdogo wake, Komang, anakitaka chumba hicho afungue mgahawa wa wali na bata. Tumevutana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho tukakubaliana hivi: Ibu Mirah akinichagua, chumba cha mbele kinabaki karakana yangu daima. Asiponichagua, bata wanaingia.

Nimekubali haraka. Marehemu baba alifua fedha katika chumba kile, na babu kabla yake. Sisi ni ukoo wa Pande, wafua vyuma tangu enzi na enzi. Bata!

Jioni Komang alikuja na futi. Amepima mlango. Eti anataka kujua tu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa kwanza. Rahisi, wa akili. Mpinzani wangu ni mmoja tu: Dangin, binamu yangu, ambaye karakana yake inatazamana na yangu. Fundi mzuri, nakubali. Kasoro yake ni kwamba hamsemi mtu vibaya, tabia inayoudhi sana kwa jirani. Nikijua yeye anaokota nini, mimi nitaokota kikubwa zaidi.

Alfajiri akapanda pikipiki kwenda pwani ya Ketewel. Nikamfuata kwa mbali, nimevaa helmeti ya mke wangu, ya waridi, nisitambulike. Nikajificha nyuma ya jiwe. Dangin anatembea juu ya mchanga mweusi, anainama, anaokota kijiti, anakitazama, anakirudisha. Anaokota kingine, anakirudisha. Saa nzima! Mimi nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, na mbwa mmoja amekaa karibu yangu akinibwekea kila ninapohema.

Halafu Dangin, bila hata kugeuka, akaita: "Kaka Ketut, toka hapo, maji yanajaa. Utalowa."

Nilikuwa nimekwisha kulowa. Nikamwambia nimekuja kupunga upepo, mgongo unanisumbua. Akanionyesha alichookota. Kijiti cheupe, kimesuguliwa na bahari mpaka kikawa laini, hakizidi kidole. Kijiti! Alikuwa na viwili, akaniuliza kama nakitaka kimoja. Nikasema mimi siokoti makombo.

Nimerudi nyumbani nimejaa furaha na mchanga. Kijiti!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata! Chini ya paa la banda la kuku: kiota cha nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Kazi ya ajabu, vyumba vidogo vidogo vimepangwa sambamba. Kikavu, kimehamwa zamani. Nimekitengenezea ukosi wa fedha wa kuvaa shingoni, kiota kikae mbele, chini ya kidevu. Nilipomaliza kuchomelea nikataka shingo ya kujaribia. Luh Sariasih akakataa, eti ana kazi. Komang alikuwapo, anapima madirisha. Shingo yake haikuwa na kazi yoyote.

Nikamvika. Fedha ilikuwa bado ina uvuguvugu wa moto. Sasa mtu angejuaje kwamba humo ndani kuna watoto wa nyigu waliolala wakisubiri joto?

Walitoka watatu. Watatu tu, lakini Komang anasimulia kana kwamba lilikuwa jeshi. Sikio lake la kushoto limevimba kama andazi. Ukosi aliung'oa akautupa, kuku wakaukanyaga. Mke wangu amesema amewahi kuona watu wenye bahati mbaya, lakini hajawahi kuona anayejitengenezea yake kwa mikono, tena kwa ustadi hivyo.

Komang, amefunga barafu sikioni, amepima na mahali pa jiko.

Jumapili, 14 Septemba

Upepo mkali umepita. Asubuhi nilikwenda kuchukua chakula cha kuku, nikapitia njia ya hekalu la wafu. Na pale katikati ya barabara, tawi!

Tawi la mti wa pule. Jeupe, limejikunja kama mkono wa mcheza ngoma, lina nundu kwenye kiwiko na vidole vitano mwishoni. Katika miaka thelathini ya kazi sijaona mti uliokaribia kuwa sanamu kiasi hiki bila msaada wa mtu.

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili. Mti wenyewe uko ndani ya ua wa hekalu. Umefungwa kitambaa cha miraba myeusi na myeupe, na kila mtu anajua maana yake: huu una mwenyewe, usiguse. Nikasimama nikafikiri kwa kina, karibu dakika nzima. Kitambaa kimefungwa kwenye shina. Tawi halina kitambaa. Tawi limeanguka nje ya ukuta. Nje ya ukuta ni barabara, na barabara ni ya serikali. Tena limeanguka lenyewe. Ibu Mirah alisema kiokotwe. Nimeokota.

Nikalifunika kwa gunia nikalipakia kwenye pikipiki. Njiani nikakutana na Jero Mangku, kuhani wa hekalu. Akatazama gunia, akaniuliza kama kuku wangu wameongezeka. Nikasema sana.

Jumanne, 16 Septemba

Nimelikata vipande viwili. Kile kinene cha chini nimekiweka pembeni, pakavu. Cha juu, chenye kiwiko na vidole, ndicho kazi yenyewe.

Sikula mchana. Sikuhitaji. Fedha inaingia katika ufa wa mti, inatokea upande wa pili imekuwa jani. Sanamu inakaa begani, inapanda nyuma ya shingo, na vidole vinafunguka juu ya kichwa cha mvaaji kana kwamba vinamkinga na mvua. Mikono yangu ilitangulia, mimi nikafuata. Sikumwaza Dangin hata mara moja. Sikuwaza bata.

Jioni nikamvika Luh Sariasih. Akajitazama kwenye kioo. Akanyamaza. Tumeoana miaka ishirini na sita, ni mara ya kwanza. Kisha akasema polepole, "Baba Putu, hiki si kitu cha kuuza." Machozi yalinilengalenga, nasema wazi. Halafu akaharibu kwa kuuliza mti nimeutoa wapi.

Nikasema kwa ndugu. Si uongo. Kijiji hiki kizima ni ndugu.

Alhamisi, 18 Septemba

Balaa!

Ngoma ya mti ya kijiji imelia asubuhi, wanaume wote tukakusanyika kwenye banda la mikutano. Jero Mangku akasimama, mpole kama kawaida yake. Akasema Barong wetu, yule mnyama mtakatifu wa manyoya na kinyago anayekilinda kijiji, taya la kinyago chake limeliwa na wadudu, na kinyago kipya lazima kichongwe kwa mti ule ule wa pule. Kuukata ovyo ni mwiko. Sadaka zimetolewa, maombi yamefanywa, na kijiji kimesubiri miaka minne mti wenyewe utoe. Upepo wa Jumapili umetoa. Kovu bichi liko pale juu, kila mtu analiona. Tawi halipo.

Miaka minne! Mimi sikuwa na habari. Mikutano yote iliyozungumza jambo hilo nilikuwa naumwa mgongo.

Kelele zikaanza. Kila mtu anamtazama mwenzake. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye ndala. Mtu mwenye akili afanye nini hapo? Apige kelele kuliko wote. Nikasimama nikasema hii ni fedheha, mwizi bila shaka katoka kijiji kingine, asakwe leo leo! Nilisema vizuri mno. Wamenichagua kiongozi wa msako.

Tumesaka mchana kutwa. Nimewaongoza mpaka mtoni, mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya jirani, kila mahali isipokuwa uani kwangu. Dangin ndiye aliyejituma kuliko wote, hata chini ya daraja aliingia. Wakati wa kurudi akaniambia, "Pole, kaka. Jambo hili limekugusa sana, naona." Sikupenda alivyonitazama. Au labda alinitazama kawaida. Siku hizi sijui tena.

Ijumaa, 19 Septemba

Mpango mpya, na huu hauna tundu hata moja. Keshokutwa Ibu Mirah anakuja. Nikiificha sanamu siku mbili tu, ataiona, atanichagua, ataondoka nayo Ubud, na huko hakuna anayejua pule ya Celuk. Bata watabaki nje. Lakini niifiche wapi? Chini ya kitanda mke wangu anafagia. Darini kuna panya. Bandani kuna kuku, na wale wana historia.

Jibu: stoo ya vyuma! Majembe mabovu, feni iliyokufa, makoleo ya babu, rimu za pikipiki, masufuria yasiyo na vishikio. Nimeizika katikati, madini ndani ya madini. Kipande kinene cha tawi nimekisukuma nyuma kabisa. Nani atahangaika na takataka zile?

Luh Sariasih kutwa nzima anasuka vikapu vya sadaka vya majani ya mnazi, vingi kuliko kawaida. Sikuuliza. Nina mambo mengi kichwani.

Mchana nimelala usingizi wa pono.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumpek Landep.

Mimi ni Pande. Mwana wa wafua vyuma! Katika kila siku mia mbili na kumi kuna siku moja ambayo kila kitu cha chuma katika kila nyumba hutolewa nje, hupanguswa, huvishwa maua na kunyunyiziwa maji matakatifu. Siku ya vyuma. Siku yetu wenyewe. Watoto wa shule wanaijua. Dereva wa lori la mchanga anaijua. Mimi nimeisahau, na jana yake nikaenda kuficha kitu ndani ya vyuma!

Niliamka nikakuta ua umejaa. Pikipiki ina mapambo kwenye usukani. Nyundo zangu zimepangwa kwa ukubwa. Jiko la umeme la wali limevishwa maua. Feni iliyokufa pia, eti ilitutumikia. Na katikati, juu ya kitambaa cha manjano, sanamu yangu, inang'aa juani, vidole vitano hewani, inamsalimia kila apitaye. Luh Sariasih aliikuta stoo. Alidhani nimeiweka pale makusudi ili ibarikiwe pamoja na zana kabla ya kesho. Alikuwa anatabasamu. Tangu habari za bata zianze, leo ndiyo mara ya kwanza kunionea fahari.

Nikanyoosha mkono niitoe. Nikasikia hodi mlangoni. Jero Mangku! Nyuma yake Dangin ameshika uvumba, Komang na sikio lake, na nusu ya kijiji, maana siku hii kuhani huanzia kwa Pande.

Nikasimama mbele ya sanamu nikatanua shuka langu. Nikashauri jiko la wali litangulie. Jero Mangku akanyunyizia jiko. Akanyunyizia pikipiki. Akanyunyizia nyundo, na feni. Akaniomba nisogee. Nikasogea, ila upande ule ule aliosogea yeye. Tulicheza hivyo mara tatu. Mwisho akaninyunyizia mimi, usoni, mara mbili, maji mengine yakanipita yakaangukia nilichokificha. Nikafumba macho. Nilipofumbua nilikuwa nimekwisha kusogea.

Alitazama muda mrefu. Akagusa ile nundu ya kwenye kiwiko. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kiongozi wa msako, umelipata?"

Nikasema ndiyo! Sasa hivi! Siamini macho yangu!

Watu walicheka mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Komang ilibidi akae chini. Mke wangu hakucheka. Alinitazama akasema, "Kwa ndugu, Baba Putu?" na akaingia jikoni. Hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Jero Mangku akanifafanulia taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Tawi ni mali ya hekalu. Fedha imeshikana nalo, ukitenganisha unavunja vyote viwili. Na maji matakatifu yamekwisha kuigusa. Kwa hiyo sanamu ni ya Barong, ataivaa begani, na hakuna binadamu atakayeivaa tena. Kipande kinene, nilichokwenda kukitoa stoo mwenyewe, kinatosha taya la kinyago, akanishukuru hata kwa kukitunza pakavu! Adhabu yangu: sadaka ya kuomba radhi, na kila Jumapili, mpaka Tumpek Landep ijayo, nitasugua mapambo yote ya Barong. Peke yangu.

Dangin alisubiri watu watoke. Akasema, "Kaka, mtaa huu haujawahi kutoa kazi nzuri kuliko hii. Mjomba angelia." Mjomba ni marehemu baba. Kisha akaenda zake. Afadhali angenitukana. Niliketi juu ya fuawe la baba nikalia kidogo, mimi na feni.

Jumapili, 21 Septemba

Ibu Mirah amefika saa nne. Sikuwa na kitu. Nikamwonyesha ukosi wa nyigu. Akauliza mbona una manyoya ya kuku. Nikasema ni asili, nimeyaokota mwenyewe.

Nikamwomba basi aje hekaluni. Akajifunga shuka na mshipi, tukaingia. Sanamu ilikuwa begani kwa Barong, vidole vimefunguka juu ya manyoya yake. Ibu Mirah akasimama. Akaunganisha viganja juu ya paji la uso. Alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa. Akasema angeweza kufuta maonyesho mengine yote akaiweka hii peke yake. Nikaruka: basi nimechaguliwa! Akasema, "Pak Ketut, mimi nitamwambiaje Barong avue?"

Amemchagua Dangin. Kile kijiti! Amekizungushia waya wa fedha mwembamba kama unywele, unakivaa sikioni, nacho kinaning'inia kana kwamba bado kinaelea majini. Ni kizuri. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nikamweleza Luh Sariasih kwamba ukitazama kwa makini, mimi pia nimechaguliwa, tena na mkubwa kuliko Ibu Mirah. Akanipakulia wali, kipande cha samaki kikubwa kuliko chake. Akasema ni kweli, na hata yeye anajivunia. Na Komang anahamia Jumatano.

Jumapili, 28 Septemba

Bata wameingia. Chumba cha baba kinanukia mchaichai na manjano, na kimejaa. Kwa siku nne kimeona watu wengi kuliko mimi nilivyoona mwaka mzima. Wakimaliza kula wanapita uani kumtazama fundi wa Barong. Ni Komang aliyeandika kibao: wali na bata, na chini yake kwa herufi ndogo, fundi wa Barong yuko nyuma, kando ya choo. Shemeji mwema. Sikio limeanza kurudi. Fuawe la baba sasa liko kati ya jiko na banda la kuku. Nimejigonga kichwa mara tano tu.

Leo nimeanza kusugua mapambo. Kabla ya kuanza, Jero Mangku aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi. Nikaapa mbele yake, kwa moyo wangu wote, kwamba mkono wangu hautachukua tena kitu chochote cha hekalu letu. Akaridhika, akaniletea ngazi.

Cha hekalu letu, ndivyo nilivyosema. Maana ukipanda ngazi kusugua kengele za Barong zilizotundikwa juu, unaona vizuri sana ng'ambo ya mto, hekalu la kijiji cha pili. Wana pule kubwa kuliko yetu. Tawi moja limekauka, limejikunja kama mabawa mawili, limeinama kabisa upande wa barabara. Wanasema Alhamisi kutakuwa na upepo. Kitambaa kimefungwa kwenye shina tu. Nimekwenda kuhakikisha mara mbili.